Usisubiri Jiwe, Mjukuu Wangu

Mtihani wa Kidato cha Nne huja Novemba, mvua za kwanza zinapoanza kulainisha mbuga za Kishapu na kila nyumba inatafuta mtu wa kushika jembe. Leo ni Machi. Una miezi minane, mjukuu wangu, na ndiyo maana nimekuita sasa nisingoje Septemba. Wa Septemba nimewapokea wengi. Huja na madaftari yaliyojaa na macho mekundu kwa kukesha, wakitaka niwafundishe miaka minne ndani ya wiki sita, nami hukaa nao kwa sababu mtoto anayeomba kusoma hafukuzwi. Wengi hawafiki walikotaka kufika. Jambo hili limejirudia mbele ya macho yangu mpaka limenichosha, na kabla nguvu za kusema hazijaniishia nataka wewe ulisikie mapema.

Umezaliwa Maganzo. Tangu hujaota meno unasikia habari za mtu aliyelala maskini akaamka na jiwe. Habari hizo si za uongo. Mji wetu umekaa mlangoni mwa mgodi wa Mwadui, na tangu mwaka 1940, John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, alipoikuta almasi pale, watu wa huku wamejua kwamba ardhi inaweza kumpa mtu kwa siku moja kile ambacho pamba haitampa maisha yake yote. Binamu zako wanachekecha mchanga kwa imani hiyo. Wabeshi wanauingia mgodi usiku na kuhatarisha roho zao kwa imani hiyo hiyo. Siwalaumu, njaa haina adabu. Lakini nimewafundisha watoto wa mji huu muda wa kutosha kuiona imani hiyo ikiwafuata hadi darasani. Mtoto anazoea kungoja bahati. Anaanza kuotea maswali: akisikia mwaka huu matriksi haitoki, anaiacha. Akija mtu kwenye simu, asiyejulikana jina wala kwao, akidai ana karatasi ya mtihani, watoto wanamchangia hela ya madaftari. Karatasi yenyewe huwa ya kughushi. Na hata ingekuwa ya kweli, Baraza la Mitihani hufuta matokeo ya anayebainika kufanya udanganyifu, na miaka yake minne inaishia hapo.

Sasa nikupe hali ya somo lenyewe, Hisabati, bila kukuficha. Kuanzia mwaka 2019 hadi 2022, katika kila watahiniwa watano wa Hisabati nchini kwenye mtihani wa Kidato cha Nne, aliyefaulu alikuwa mmoja hivi. Mwaka 2023 wakapanda kidogo, wakafika karibu robo. Hakuna somo jingine kubwa linalowaangusha watoto wetu namna hiyo. Nasikia watu wakisema hisabati ni kipaji, wengine wamepewa na wengine wamenyimwa. Nakataa. Mungu hakukaa akawanyima watoto wanne kwa kila watano. Zipo sababu ambazo si zako: madarasa yaliyojaa, mwalimu mmoja wa hisabati kwa shule nzima, lugha iliyobadilika ghafla ulipotoka darasa la saba. Hizo wazisemee wakubwa, na wazisemee kwa sauti. Mimi leo nasema na wewe juu ya sababu ile moja ambayo imo mikononi mwako.

Uichukue karatasi ya mtihani wa mwaka wowote wa karibuni uihesabu mwenyewe. Maswali 14, saa tatu, alama 100. Sehemu A ina maswali 10 ya alama sita sita, sehemu B ina maswali manne ya alama kumi kumi. Alama D inaanzia 30. Thelathini ni maswali matano ya sehemu A, mjukuu wangu. Matano tu, yaliyofanywa sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Na mengi ya sehemu ile yanatoka kwenye mambo uliyofundishwa Kidato cha Kwanza na cha Pili: sehemu na desimali, KDS na KKS ulizoanza nazo shule ya msingi, vipeo na logi, seti, uwiano, faida na hasara, mlinganyo wa kipeo cha pili. Sikuambii haya ili ukomee kwenye 30. C inaanzia 45, na uwezo huo unao. Nakuambia ili uache kuiogopa karatasi hiyo kana kwamba imetoka mbinguni. Imepangwa na watu, na mpangilio wake wamekwisha kuutangaza.

Basi kwa nini mtoto mwenye akili timamu anakosa maswali matano? Kwa sababu anasoma hisabati kwa macho. Nimelitazama daftari lako. Ni safi, vichwa vya habari umevipigia mstari kwa wino mwekundu, mifano ya mwalimu umeinakili bila kuruka hatua. Ukiketi jioni unausoma mfano, unaitikia kwa kichwa, unasema hili nalijua. Hulijui. Unalitambua tu, kwa kuwa liko mbele yako limekwisha kufanywa na mtu mwingine. Bagika na Bagalu wakishindana ngoma baada ya mavuno, nusu ya Usukuma hukusanyika kutazama, na kila mtazamaji anaijua hatua inayofuata. Mwingize uwanjani uone kama miguu itamtii. Wachezaji wale walifanya mazoezi watu wakiwa wamelala.

Jambo hili wako waliolipima. Mwaka 2006, Roediger na Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi kipande cha maandishi. Kundi moja lilikisoma mara nne. Kundi jingine lilikisoma mara moja, kisha mara tatu likajaribu kukikumbuka bila kutazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: hao waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 40, na wale waliokuwa wakijipima walikumbuka asilimia 61. Zitazame hizo dakika tano, kwa sababu ndizo zinazowadanganya wanafunzi. Usiku ule wa kusoma unajiona umeiva. Kumbe mtihani hauji usiku ule.

Nataka ufanye hivi. Tafuta kopo tupu la maziwa ya unga. Chukua mitihani ya miaka iliyopita, hizo mnazoziita pasti pepa. Shuleni ziko, na kwa mwenye simu zinapatikana bure. Kila swali liandike kwenye kikaratasi chake, na nyuma yake uandike mwaka na namba ya swali ili uweze kulihakiki. Usiyapange kwa mada. Yatie yote koponi, uyatikise. Mara tatu kwa wiki toa vikaratasi vitano bila kuchungulia, funga daftari, funga kitabu, weka saa mbele yako. Alama 100 kwa dakika 180 ni kama dakika moja na sekunde 48 kwa kila alama, kwa hiyo swali la alama sita lina dakika 11 hivi. Maswali matano ya namna hiyo hayatimizi saa moja. Ukitoa siku za ugonjwa, za msiba na za kwenda shambani, bado utapata wiki 30 kabla ya Novemba. Mara tatu kwa wiki, maswali matano kila mara: zidisha mwenyewe. Ni maswali 450. Mtoto aliyekwisha kukutana na maswali 450 peke yake, bila kushikwa mkono, haingii chumba cha mtihani akitetemeka.

Utaniuliza kwa nini nimekataza kuyapanga kwa mada, na kitabu chenyewe kimepangwa hivyo. Kitabu kinafundisha, kwa hiyo lazima kipange. Ukimaliza sura ya logi unakuta zoezi la logi, na hata kabla hujasoma swali la kwanza umekwisha kujua ni njia gani itatumika. Kwenye mtihani hakuna wa kukunong'oneza kwamba hili ni la logi na lile ni la uwiano. Kuitambua njia ndiyo nusu ya kazi, na nusu hiyo watoto wetu hawaifanyii mazoezi kabisa. Mwaka 2007, Rohrer na Taylor huko Florida waliwafundisha wanafunzi kutafuta ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida. Waliofanya zoezi la umbo moja moja walipata asilimia 89 siku ya zoezi. Waliochanganyiwa walipata 60, na bila shaka walijiona wajinga. Wiki moja baadaye wote walipewa mtihani mmoja. Wa kwanza walishuka hadi asilimia 20. Waliochanganyiwa walipata 63. Kwa hiyo siku ukitoa vikaratasi vitano ukapata viwili, usilie, na usilirudie zoezi la mada moja ili ujifariji. Ugumu huo ndio unaokufundisha.

Kusahihisha ndiko kunakonipa mashaka kuliko yote, kwa sababu huko ndiko vijana wanakojihurumia. Msahihishaji awe mwingine ukimpata: rafiki yako, kaka yako, mimi. Ukikosa mtu, jisahihishe kesho yake na si papo hapo, maana usiku ule ule jicho litasamehe kila kitu. Karatasi ya Hisabati ina agizo kwamba kazi yote na majibu yaonyeshwe wazi. Watoto wanalisoma wanalipita. Maana yake ni kwamba hatua zina alama zake. Aliyeandika jibu sahihi peke yake bila njia anajikosesha alama, na aliyekosea hesabu ya mwisho lakini njia yake inaonekana haondoki mikono mitupu. Kwa hiyo hata koponi, andika kila hatua. Mkono ukizoea kuruka hatua nyumbani, chumbani utaziruka pia.

Na kila ulilokosa, ujiulize ulikosa vipi. Lipo ulilokosa kwa sababu hujalielewa hata kidogo. Hilo lipeleke kwa mwalimu kesho yake, usilikalie. Lipo ulilolijua ukateleza: alama ya kutoa mbele ya mabano ikabadilisha herufi moja tu badala ya zote mbili, au umeambiwa ukadirie 0.05087 hadi tarakimu tatu za maana, ukaandika 0.05 kwa kuzihesabu sifuri zisizohesabika, badala ya 0.0509. Makosa ya namna hii hayaponi kwa kuelezwa. Yanapona kwa kuandikwa kwenye kurasa za mwisho za daftari na kutazamwa kila kabla ya zoezi, mpaka mtu aone aibu kuyarudia. Na lipo ulilokosa kwa sababu hukuelewa Kiingereza cha swali. Hili nalijua linauma, kwa kuwa hesabu yenyewe ulikuwa unaiweza. Maneno ya maagizo kwenye karatasi zile si mengi, yanajirudia mwaka hadi mwaka; yakusanye, ujue kila moja linakutaka ufanye nini.

Kikaratasi ulichokosa kirudi koponi siku hiyo hiyo. Ulichopata kiweke kando mwezi mmoja, nacho kirudi. Usikitupe. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alikwisha kuonyesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, jinsi kichwa kinavyomwaga upesi kilichojifunza siku za mwanzo, na jinsi marudio yaliyoachanishwa siku kadhaa yanavyokishikilia. Kulipata swali Machi hakukupi hakika ya kulipata Novemba.

Simu iweke mbali. Sisemi hivi kwa kuichukia. Ina manufaa, na vitabu vya Taasisi ya Elimu siku hizi vinasomwa humo. Nasema kwa sababu ina kikokotoo, na nimekuona unagawanya 84 kwa 7 kwa kidole kwenye kioo. Kwenye chumba cha Hisabati hawaruhusu kikokotoo wala chombo chochote cha mawasiliano. Kinachoruhusiwa ni kile kijitabu cha Baraza cha majedwali ya hisabati, na wengi hukifungua kwa mara ya kwanza kwenye mtihani wa moko, wakitafuta logi ya namba huku dakika zinayoyoma. Kitumie kuanzia leo, kila unapotoa kikaratasi kinachokihitaji.

Mama yako na baba yako nitazungumza nao mwenyewe, maana wewe huwezi kuwaambia haya bila kuonekana umekosa adabu. Nitawaomba saa moja, jioni tatu kwa wiki. Katika saa hiyo usitumwe kisimani, usitumwe gengeni, usiitwe kumbembeleza mtoto, na taa ya sola iwe yako. Huku kwetu mtoto wa kiume akifungua daftari tunapunguza sauti. Wa kike akifungua tunakumbuka vyombo havijaoshwa. Nimeliona kwenye nyumba za watu wema, wapenda elimu, na bado linanisononesha. Na atakayekuja kuniambia kwamba msichana wa Maganzo hahitaji hisabati nitamkalisha kitako. Jiwe linapouzwa hapa, mwenye leseni, mfadhili na wachimbaji wanagawana kwa uwiano, baada ya mrabaha na ada ya ukaguzi kukatwa, na asiyejua asilimia anapokea anachopewa na kusema wabeja, yaani asante. Nimewaona watu wazima, wenye mikono iliyopasuka kwa kazi, wakisimama mbele ya dalali wakimtazama usoni kwa sababu kwenye karatasi hawana cha kutazama.

Usiku wa leo hatutangoja kopo lijae. Maswali matano ya kwanza nimeyatunga mimi, yote ya hapa kwetu. Daftari likifungwa, saa ianze.

La kwanza: stendi ya Maganzo magari mawili yanaondoka pamoja saa 12 kamili asubuhi. Njia ya kwanza ina gari kila baada ya dakika 40, ya pili kila baada ya dakika 50. Magari ya njia zote mbili yataondoka tena kwa pamoja saa ngapi?

La pili: mwaka 1947 Mwadui ilitoa almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, ambayo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Ilipochongwa ikabaki karati 23.6. Karati moja ni gramu 0.2. Jiwe hilo lilikuwa na gramu ngapi kabla ya kuchongwa, na ni asilimia ngapi ya uzito wake iliyopotea? Jibu la asilimia likadirie hadi tarakimu tatu za maana.

La tatu: jiwe limeuzwa kwa shilingi 4,200,000. Yakatwe mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, kisha kinachobaki kigawanywe kati ya mwenye leseni, mfadhili na wachimbaji kwa uwiano wa 3:2:2. Kila upande unapata shilingi ngapi?

La nne: bustani ya mchicha yenye umbo la mstatili ina eneo la mita za mraba 84, na urefu wake unazidi upana kwa mita 5. Tafuta urefu na upana. Usibahatishe namba, unda mlinganyo, ufumbue.

La tano: mwamba wa almasi wa Mwadui, kwa juu, una eneo la hekta 146. Chukulia kwamba ni duara kamili, na pai ni 22/7. Kwa kutumia majedwali, tafuta nusu kipenyo chake kwa mita.

Muda ni dakika 55. Kila hatua iandikwe, hata ile unayodhani mimi naijua. Kesho jioni nikitoka kuchunga nitakaa hapa nje na kalamu nyekundu. Uje na yote matano, hata lile uliloandika mstari mmoja ukakwama, maana hilo ndilo tutakaloanza nalo.